Uzi: Sufuria ni moja, kisukari ni changu

Mhasibu wa Milimani, Kisumu (mwanzilishi wa uzi)

Hamjambo nyote. Naomba nieleze jambo ambalo nimeliishi kwa miezi kumi na minne, kisha nisikie yenu.

Mwaka jana niligunduliwa kuwa na kisukari cha aina ya pili. Sukari yangu ya asubuhi kabla ya kula ilikuwa milimoli 11.8 kwa lita, ilhali mtu huhesabiwa kuwa na kisukari ikifika 7.0. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu iliyopita, kilisoma asilimia 9.1 wakati mpaka wake ni 6.5. Kimo changu ni sentimita 162 na nilikuwa na kilo 91. Kliniki walinipa metformini, wakanipa karatasi yenye picha ya sahani iliyogawanywa, yaani nusu mboga, robo wanga na robo protini, kisha wakaniambia nipunguze uzito.

Nilipoifikisha karatasi hiyo nyumbani, niliona kwamba aliyeichora hakuwahi kuketi mezani petu. Sisi hatugawi ugali kwenye sahani. Ugali huwekwa kwenye sinia katikati, kila mtu humega upande wake, na hakuna anayejua amekula kiasi gani, kwa sababu kuhesabu matonge ni tabia ya uchoyo na mtoto aliyelelewa vizuri hukatazwa mapema.

Kwa kuwa kazi yangu ni hesabu, niliamua kuanzia kwenye unga badala ya kuanzia kwenye tonge. Tuko watu wanne, na pakiti mbili za kilo mbili zilituishia jioni tano. Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu alikuwa akila ugali wa unga wa gramu 200 kila jioni. Unga wa mahindi wa gramu 100 una wanga wa gramu 75 hivi na kalori zipatazo 360. Basi mimi, mwanamke ninayeketi ofisini kutwa, nilikuwa nikilala na wanga wa gramu 150 na kalori 720 tumboni, kabla ya kuhesabu mafuta ya kukaangia, chai ya saa kumi na andazi lake. Wanga wote huo huishia kuwa glukosi, yaani sukari ya kwenye damu. Niliandika hesabu hiyo kwenye karatasi, nikaibandika ndani ya kabati la unga, na mume wangu alipoisoma aliuliza kama nimeanza kumkagua yeye pia.

Sikupika ugali wangu kando. Wanaokula chakula cha peke yao huchoka baada ya mwezi, na nyumba nzima huchoka pamoja nao. Nilitafuta bakuli dogo ambalo likijaa ugali huwa limebeba unga wa gramu 80 hivi. Ugali ukiiva, mimi huchota wa kwanza, nalijaza bakuli, naligeuzia kwenye sahani yangu, halafu unaobaki unaenda kwenye sinia kama kawaida. Sufuria ni ileile na mwiko ni uleule, ila mkono wangu haurudi kwenye sinia. Kabla ya kugusa ugali huo ninakula bakuli zima la mboga za majani, osuga au dek au boo, bila kitu kingine, jambo ambalo mwanzoni lilikuwa gumu kwa sababu sisi tumezoea kutumia ugali kama kijiko. Zipo tafiti zilizoonyesha kwamba mtu akitanguliza mboga na protini, kisha wanga uje mwisho, sukari haipandi sana kama akianza na wanga. Mimi niliiona tofauti hiyo kwenye glukomita yangu mwenyewe, kile kifaa cha kupimia sukari nyumbani, ndani ya wiki ya kwanza.

Mafuta nilianza kuyapima kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na ngege mmoja wa kukaangwa hunywa vijiko kadhaa, kwa hiyo samaki wetu siku hizi huchemshwa kwa nyanya na kitunguu. Sukari ya chai niliiacha kwa awamu na sina la kujisifia hapo, maana ilinichukua miezi mitano.

Leo nina kilo 78, na HbA1c ya mwisho ilikuwa 6.3. Bado ninameza metformini asubuhi na jioni, kwa hiyo siwezi kusema nimepona. Ningependa kujua nyinyi wengine mnafanyaje, hasa mnaoishi na watu wasio na kisukari.

Mkulima wa Njoro, Nakuru

Dada Mhasibu, nimesoma hesabu yako ya unga nikanyamaza kidogo, maana mimi nina kilo 104 na sijawahi kupima chochote isipokuwa magunia. Huku kwetu ugali si mkubwa kama wenu wa ziwani. Kwetu ni viazi. Shambani vipo, havinigharimu, na huingia katika kila sufuria: kwenye mukimo, kwenye mchuzi wa nyama, kwenye githeri, na Jumapili huletwa vikiwa vimekaangwa kando ya chapati. Daktari aliniambia niache viazi kabisa. Nimejaribu mara mbili na mara zote mbili nimerudi. Je, ni lazima?

Tena nilidhani mkulima hahitaji mazoezi, mpaka nilipogundua kwamba wanaolima ni vibarua, nami huzunguka shamba nikiwa nimekaa juu ya pikipiki.

Mlishi wa Kakamega

Mimi ni mtaalamu wa lishe na nimefanya kazi katika kliniki za kisukari kwa miaka kadhaa. Mimi si daktari, kwa hiyo lolote ninalosema kuhusu dawa mlipeleke kwa anayewaandikia dawa.

Ndugu Mkulima, sioni sababu ya kukufukuzia viazi nje ya nyumba. Tatizo la meza nyingi za Nakuru ninazozijua ni kurundika. Mtu hupakuliwa wali, akaongezewa chapati, akamwagiwa mchuzi wenye viazi, akaona kwamba amekula wanga wa aina moja na mboga. Kiazi kilichomo kwenye mchuzi si mboga. Ni wanga uleule, na ukikiona kwenye bakuli la mchuzi ujue chapati imeshapata mwenzake. Chagua kimoja kwa mlo mmoja. Ikiwa ni siku ya viazi, chukua vya kuchemsha vinavyolingana na ngumi yako, ule na maganda ikiwezekana, na chapati isubiri siku yake.

Githeri nayo inasingiziwa bure. Maharagwe yana protini na nyuzinyuzi nyingi, husagika tumboni polepole, na hayapandishi sukari kwa kasi kama unga mweupe. Badilisha tu vipimo. Nyumba nyingi hupika vikombe viwili vya mahindi kwa kimoja cha maharagwe. Wewe geuza hesabu hiyo, weka kabichi au sukuma wiki ya kutosha, na acha viazi visiingie siku hiyo.

Sasa nieleze kwa nini uzito unatajwa sana, kwa sababu wagonjwa wengi hudhani tunawasimanga tu kwa unene. Mtu anapokula zaidi ya anachotumia kwa miaka mingi, mafuta hujaa chini ya ngozi, na nafasi hiyo ikimshinda huanza kuingia kwenye ini. Ini lililojaa mafuta halisikii amri ya insulini, ile homoni inayoshusha sukari. Huendelea kumwaga glukosi kwenye damu usiku kucha, na ndiyo maana mtu huamka na sukari ya juu ilhali hajala. Mafuta yakifurika kutoka kwenye ini huifikia kongosho, nayo ikalegea katika kutengeneza insulini. Kiwango ambacho mwili wa mtu unaweza kuhimili hutofautiana, ndiyo sababu mmoja anaugua akiwa na kilo 80 na jirani yake mwenye kilo 120 hana kisukari.

Habari njema ni kwamba mafuta hayo ya ndani ndiyo hutangulia kutoka. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, wakiwa na Profesa Roy Taylor, waliwapa watu 11 chakula cha takriban kalori 600 kwa siku kwa wiki nane, na sukari yao ya asubuhi ikarudi kwenye kiwango cha kawaida ndani ya siku saba. Utafiti mkubwa uliofuata ulifanyika Uskoti na eneo la Tyneside, ukahusisha watu 306 waliokuwa na kisukari kwa muda usiozidi miaka sita, na matokeo yake yalichapishwa Desemba 2017. Katika kundi lililopewa vinywaji maalumu vya lishe vya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi mitatu hadi mitano, watu 46 katika kila 100 walikuwa bila dawa na bila kisukari baada ya mwaka. Miongoni mwa waliopunguza kilo 15 au zaidi, walikuwa 86 katika kila 100. Mwaka wa pili wale 46 katika kila 100 walishuka hadi 36, kwa sababu wengine uzito uliwarudia.

Msisome hayo mkaanza kufunga kesho. Wale walikuwa chini ya uangalizi, na dawa zao zilisimamishwa siku ya kwanza. Anayetumia metformini peke yake hana hatari kubwa ya sukari kushuka mno, lakini anayetumia glibenklamidi (kidonge kinachoisukuma kongosho itoe insulini) au insulini yenyewe akipunguza chakula ghafla anaweza kuanguka. Ukitetemeka, ukatokwa na jasho jembamba, moyo ukakimbia au ukachanganyikiwa, na kipimo kikasoma chini ya 4.0, koroga vijiko vidogo vitatu au vinne vya sukari kwenye maji, unywe, upime tena baada ya dakika 15. Kisha rudi kliniki dawa ipunguzwe. Wengi hufanya kinyume: hurudi kwenye ugali mkubwa ili dawa isiwaangushe, na hapo wanakuwa wanakula kwa ajili ya kidonge.

Kijana wa Kondele

Nashukuru kwa maelezo. Naomba kuuliza kuhusu ugali wa kahawia, kwa sababu baba yangu aliacha unga mweupe miezi sita iliyopita akahamia unga wa mtama uliochanganywa na muhogo na wimbi, kwa kuwa kila mtu sokoni Kibuye humwambia huo ndio unga wa wenye sukari. Anakula akishiba kabisa. Sukari yake haijashuka, na kilo zake zimeongezeka tatu. Je, unga huo ni wa uongo?

Mlishi wa Kakamega

Unga si wa uongo, ila umepewa sifa inayozidi uwezo wake. Mtama na wimbi visipokobolewa vina nyuzinyuzi, na hilo ni jema. Muhogo ni hadithi nyingine, kwa maana unga wa muhogo karibu wote ni wanga mtupu, una protini kidogo kuliko hata mahindi, na huongezwa ili ugali ushikane. Ukimuuliza muuzaji ameweka muhogo kiasi gani, mara nyingi hajui. Rangi ya ugali haipimi sukari. Gramu 200 za unga wa kahawia bado zina kalori zinazokaribiana na zile za unga mweupe.

Umwulize baba pia kuhusu uji. Uji wa wimbi unasifiwa kama chakula cha mgonjwa, lakini ni unga laini uliopikwa kwa maji mengi, hauhitaji kutafunwa, hupita tumboni haraka, na mara nyingi huwekwa vijiko vitatu vya sukari kwa sababu bila hivyo haunyweki. Asubuhi yai la kuchemsha na kipande cha kiazi kitamu kilichochemshwa vitamfaa kuliko kikombe kikubwa cha uji. Nasema kilichochemshwa kwa makusudi, kwa kuwa kiazi kitamu cha kuoka au kuchoma hupandisha sukari kwa kasi zaidi kuliko cha kuchemsha.

Mhasibu wa Milimani, Kisumu

Kijana, mimi pia nilipita hapo hapo pa baba yako. Nilikula ugali wa kahawia kwa imani kwa miezi miwili, nikiumega mkubwa zaidi kwa sababu niliamini una dawa ndani yake. Kilichonitoa hapo ni glukomita. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, kwa siku chache tu, kwa chakula ambacho baba hula kweli. Vibanzi vya kupimia ni ghali na hakuna haja ya kupima kila siku, lakini siku nne au tano za kupima kwa makusudi zitamfundisha zaidi ya maneno ya sokoni.

Mama Chwele, Bungoma

Nawasoma na nina neno moja. Mnazungumza kuhusu samaki, mayai na mizani ya jikoni kana kwamba vitu hivyo vinaota. Mimi ni mjane, nina watoto watatu, na jioni nyingi tunakula ugali na sukuma wiki, basi. Nikipunguza ugali, ninapunguza chakula chenyewe, na usiku njaa huniamsha. Kliniki niliambiwa nile protini kila mlo, nikamjibu yule binti kwamba na mimi ningependa.

Mlishi wa Kakamega

Mama, pole, na umesema jambo ambalo sisi wenye karatasi za picha tunastahili kuambiwa.

Nikueleze vile ninavyowaambia mama zangu wa Lurambi. Omena za kipimo kidogo zinalisha nyumba, na ni protini kamili. Zioshe kwa maji moto, zikaushe kwenye sufuria kavu, kisha zipike kwa nyanya na kijiko kimoja cha mafuta badala ya kuzizamisha. Maharagwe na kunde kavu ni nafuu kuliko nyama, na wewe uko Chwele ambako soko limejaa. Murenda, saga, lisebebe na managu huota nyuma ya nyumba mvua ikinyesha, na bakuli kubwa la mboga hizo hujaza tumbo kwa kalori chache sana. Njaa ya usiku mara nyingi hutokana na mlo wa ugali na mboga kidogo. Ongeza mboga maradufu na kikombe cha maharagwe kwanza, ndipo upunguze ugali, tena kidogo kidogo kila wiki.

Avokado moja ndogo huuzwaje huko kwenu? Haipandishi sukari, lakini ina mafuta mengi, kwa hiyo nusu inatosha na siku hiyo mafuta ya kupikia yapungue.

Mizani pia si lazima. Chukua kamba, ipime kutoka unyayoni mpaka utosini, ikunje katikati iwe nusu, halafu ujaribu kuizungusha kiunoni juu ya kitovu. Ncha zisipokutana, mafuta ya tumboni yamezidi. Irudie kila mwezi kwa kamba hiyo hiyo.

Mama Chwele, Bungoma

Nimeizungusha. Haijakutana, imebakisha upana wa kiganja. Nitawaambia mwezi ujao.

Mjukuu wa Gem, Siaya

Sukari yangu ya asubuhi ni 6.4, na niliambiwa kwamba bado sijaingia ila niko mlangoni. Nimepunguza kilo tisa tangu Januari. Sasa nataka kusema lile ambalo hakuna karatasi ya kliniki iliyonionya. Katika sehemu zetu mtu akikonda, watu hawaulizi anakula nini. Wanamtazama shingo. Tumezika watu wengi miaka ile ya ukimwi, na macho ya wazee yamejifunza kusoma shati linapolegea. Shangazi yangu alinivuta kando kwenye matanga, akaniambia kwa upole kwamba dawa siku hizi zipo na hakuna haja ya kuficha. Nilimweleza kuhusu sukari, akaitikia kwa kichwa vile mtu anavyoitikia uongo wa heshima. Mke wangu naye aliulizwa kama ananilisha.

Nikiri kwamba nilirudia kula kwa sababu hiyo. Si kwa njaa. Nilichukua sahani ya wali na nyama na soda, nikakaa mahali ambapo nilionekana na kila mtu, nikala yote.

Mhasibu wa Milimani, Kisumu

Ndugu yangu Mjukuu, maneno yako yamenifanya niweke simu chini kwa muda. Hilo la macho ndilo gumu kuliko ugali. Mimi nilipofika kilo 82, mama mkwe aliniletea kuku wawili na akasema nipumzike kazi. Unene wa wastani kwetu ni ushahidi kwamba nyumba ina amani na mwenye nyumba anatunzwa, na anayeukataa huonekana kama anaitia nyumba yake aibu.

Nilichofanya huenda kisimfae kila mtu. Nilimchukua mama mkwe nikaenda naye kliniki siku ya kupimwa. Akaona mwenyewe namba ya zamani na namba mpya, akasikia muuguzi akinipongeza kwa kilo ambazo yeye alikuwa akizililia. Tangu siku hiyo ndiye anayenijibia kwenye mikutano ya ukoo, na kwa kweli hunijibia kwa ukali kupita nilivyotaka.

Kuhusu matanga, mimi hula nyumbani kabla ya kuondoka, mboga na samaki, kisha huko nachukua nyama na kabichi na wali wa kijiko kimoja, naizungusha sahani hiyo polepole mpaka wengine wamalize. Chupa ya soda naishika mkononi bila kuifungua. Soda ya kola ya mililita 300 ina sukari ya gramu zipatazo 32, ambayo ni vijiko vidogo vinane, na sijaona mtu akikagua kama chupa imefunguliwa.

Mlishi wa Kakamega

Niongeze kwa Ndugu Mjukuu kwamba yuko mahali ambapo juhudi hulipa zaidi. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wenye washiriki 3,234 waliokuwa mlangoni kama wewe, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi ya dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini walipunguza kwa asilimia 31. Mazoezi yenyewe yalikuwa kama kutembea kwa haraka, hakuna aliyeambiwa anyanyue vyuma.

Mkulima wa Njoro, Nakuru

Nimeiacha pikipiki nyumbani wiki hii. Baada ya chakula cha jioni ninatembea dakika kumi na tano mpaka kwa jirani na kurudi, na glukomita ya binti yangu imesoma 8.9 saa mbili baada ya kula, ilhali siku niliyokaa kwenye kiti ilisoma 11.6 kwa githeri ileile. Sikutarajia kwamba miguu ingefanya kazi ya kidonge.

Baba wa Busia

Samahani kuingia kuchelewa. Mimi nina umri wa miaka 34, nina kilo 54, na nimeambiwa nina kisukari. Nimekuwa nikifuata ushauri wa aina hii wa kupunguza chakula kwa miezi mitatu, na nimefika kilo 49. Sukari bado ni 15, nina kiu, na usiku naamka mara nne kukojoa. Je, nipunguze zaidi?

Mlishi wa Kakamega

Hapana, Baba. Acha kupunguza leo hii, na kesho asubuhi uende hospitali. Ukianza kutapika, kuumwa tumbo, kupumua kwa kina na kwa haraka, au pumzi yako ikanuka kama matunda yaliyoiva sana, usingoje asubuhi.

Ushauri wote ulio hapo juu unamhusu mtu mwenye mafuta ya ziada ambayo insulini yake haisikiki. Mtu mwembamba anayezidi kukonda huku sukari ikipanda huenda hana insulini ya kutosha kabisa. Inaweza kuwa aina ya kwanza, ambayo huwapata hata watu wazima. Iko pia ile ambayo Shirikisho la Kimataifa la Kisukari liliitambua mwaka 2025 na kuipa namba tano, inayohusishwa na kukosa lishe ya kutosha tangu utotoni. Katika hali hizo kupunguza chakula ni kumnyima mgonjwa mara mbili. Waeleze waziwazi kwamba ulikuwa mwembamba kabla ya kuugua, uwape uzito wako wa zamani na wa sasa, na uwaulize kuhusu insulini.

Mhasibu wa Milimani, Kisumu

Baba, tafadhali uende. Na mimi nakiri kosa langu, kwamba nilianza uzi huu bila kusema ni wa nani, nikasahau kwamba kisukari hakina umbo moja.

Binti wa Mbale, Vihiga

Swali langu ni fupi. Mama yangu ana miaka 76 na ana kisukari kwa miaka kumi na minane. Ni mnene kiasi. Ndugu zangu walio mjini wanataka tumpunguzie ugali kama Dada Mhasibu. Yeye anakataa, anasema amekula ugali tangu enzi za mkoloni.

Mlishi wa Kakamega

Msimfuatilie kwa mizani. Kwa mzee wa umri huo hatari kubwa ni sukari kushuka usiku akaanguka, na kukonda ambako huondoa misuli ya miguu kabla ya mafuta. Madaktari wengi huridhika na HbA1c iliyo karibu na 8 kwa wazee. Mwondoleeni soda na sukari ya chai ikiwa atakubali, mhakikishie anapata maharagwe, samaki au yai kila siku, na muulize kama dawa zake zina glibenklamidi, maana dawa hiyo kwa wazee huwa na hatari ya kuwaangusha na daktari anaweza kuibadilisha.

Binti wa Mbale, Vihiga

Nimemsomea jibu lako lote. Amesema soda mnaweza kuichukua, ila ugali wake uletwe kwenye bakuli lake la bluu, na nimelipima: ni kubwa kidogo tu kuliko la Dada Mhasibu.

Baba wa Busia

Nimelazwa tangu juzi. Nimeanzishiwa insulini, na leo asubuhi sukari ilikuwa 8.2. Wameniletea wali, maharagwe na yai, na muuguzi amesimama hapa akihakikisha ninamaliza.